Sita kati ya Saba

Usiku wa Jumatano moja, Mei 2023, katika chumba cha mitambo mjini Kitale, kompyuta iliniambia ukweli nami sikuusikia. Ilikuwa imemaliza kazi ya dakika kama ishirini, na mwishoni kabisa ikaandika mstari mmoja: ripoti 6 kati ya 7 zimepatikana. Mvua ilikuwa imepungua. Mlinzi alikuwa akinisubiri nitoke afunge geti. Nikafunga kidirisha cha amri, nikabana faili zile kuwa kifurushi kimoja, nikakituma Nairobi kwa waliotuuzia mfumo, na chini yake nikaandika: "Ripoti zote hizi hapa."

Kwa neno hilo "zote", mama mmoja wa Bungoma alikaa nyumbani wiki saba akiitwa mwizi.

Nakisimulia kisa hiki kwa ajili ya vijana wanaosomea ufundi wa kompyuta, walioko chuo cha Sang'alo, walioko Kitale National Polytechnic, na wale wanaojifunzia kwenye simu usiku kama nilivyojifunza mimi. Wataajiriwa na hospitali, shule, vyama vya ushirika na afisi za kaunti. Watakabidhiwa funguo za mashine ambazo wananchi hawazioni, lakini mashine hizo zinawaandika wananchi kila siku. Mimi nilipokabidhiwa zangu, hakuna aliyeniambia kwamba ripoti ya seva inaweza siku moja kusomwa mbele ya kamati kama ushahidi dhidi ya mtu.

Nilikuwa fundi wa chama cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja. Makao makuu yalikuwa Kitale, na matawi manne yalikuwa Kiminini, Kimilili, Webuye na Bungoma. Wanachama wetu walikuwa walimu, wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia, wakulima wa miwa wa upande wa Nzoia, waendesha bodaboda na akina mama wa soko la Chwele. Seva zilikuwa saba. Tatu zilikaa Kitale: ya hifadhidata kuu, ya programu yenyewe na ya nakala za akiba. Nne zilizobaki zilikuwa moja moja katika matawi. Hizi za matawi zilifanya kazi ambayo mtu wa jiji kubwa huenda asiione umuhimu wake. Mtandao ukikatika, seva ya tawi hupokea miamala na kuiweka kwake, kisha mtandao ukirudi huipeleka Kitale. Bila hivyo, kila radi inayopiga upande wa Mlima Elgon ingewafungia watu dirisha, na Mei radi hizo hazihesabiki.

Keshia wa dirisha la pili Bungoma alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu. Sisi vijana tulimwita Mayi, kama Wabukusu wanavyomwita mama mzazi. Alikuwa na daftari lake la mistari, mbali na kompyuta, ambamo aliandika kwa kalamu kila fedha iliyoingia na kila iliyotoka, na jioni alipofunga dirisha aliandika saa kwa kutazama saa yake ya mkononi. Meneja wa tawi alimcheka kwa hilo daftari. Mimi pia nilimwambia mara moja kwamba siku hizi mfumo unakumbuka kila kitu. Alinijibu kwa upole tu: "Wacha nami nikumbuke, mwanangu."

Wiki ile muhula wa pili wa shule ulikuwa umefunguliwa, na mahindi yalikuwa yanangoja mbolea ya kukuzia. Fedha ziliingia na kutoka kwa kasi. Mkaguzi wa ndani alipolinganisha vitabu vya Kitale na fedha zilizofungiwa Bungoma, alikuta pengo la shilingi 214,600. Lilitokana na amana tisa za alasiri tatu, zote za dirisha la pili, na kila moja ilionekana imepokelewa mara mbili, kwa namba mbili tofauti za stakabadhi. Kilichomchoma Mayi zaidi ni saa. Nne kati ya amana hizo zilionyesha kwamba zimepokelewa baada ya saa kumi na nusu, wakati daftari lake mwenyewe lilisema dirisha lilikuwa limeshafungwa. Mkaguzi akasoma hivi: mama huyu hufunga dirisha, kisha hupokea fedha za watu nje ya saa, anatoa stakabadhi, anazitia mkobani.

Mtu atauliza kwa nini wanachama hawakuulizwa. Waliulizwa. Lakini aliyeweka shilingi 38,000 akaona salio lake limepanda kwa 76,000 hana haraka ya kulalamika, na baadhi walikuwa wameshazitoa na kulipia karo. Wawili walisema hawakumbuki vizuri. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Wao hawakuwa wameajiriwa kutunza mashine.

Meneja mkuu aliniita afisini. "Kijana," akasema, "kabla hatujamgusa mama wa watu, iulize mashine." Yalikuwa maneno ya haki. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani wakubwa walitaka kumwangamiza. Hapana. Walitaka kujua, na waliyemtegemea awajulishe ni mimi.

Waliotuuzia mfumo wakaomba ripoti za uchunguzi kutoka seva zote saba. Kwa anayefanya kazi hii, chombo kinafahamika: kinaitwa sos, na seva nyingi za Linux huja nacho au hukipata kwa amri moja. Ukikiita kwenye mashine moja, hufanya kama tabibu anayempima mgonjwa kuanzia utosini hadi kwenye kisigino. Huuliza diski zimejaa kiasi gani, kumbukumbu inatumikaje, mtandao ukoje, ni programu gani zimeanguka, mipangilio ikoje, saa ya mashine imelinganishwa na nini. Hunakili shajara za mfumo, hukusanya yote na kuyabana katika faili moja. Toleo la 4.0 la mwaka 2020 liliongeza uwezo wa kufanya hivyo kwa seva nyingi kwa wakati mmoja. Unakaa mbele ya kompyuta moja, unaorodhesha majina ya mashine, unaandika amri, nayo huingia kwa kila mashine kupitia mtandao, nne nne kwa wakati usipoiambia vingine, na kukurudishia vifurushi.

Ni chombo kizuri. Kabla yake ningepanda matatu hadi kila tawi, au ningekesha nikiingia mashine moja baada ya nyingine na kusahau hapa na pale. Chombo hicho nakitumia hadi leo na kila fundi mwenye mashine zaidi ya tatu nitamshauri akijue. Ila kina tabia moja ambayo ni lazima uijue kabla hujaketi. Mashine isipojibu ndani ya muda uliowekwa, hakilii, hakisimami. Huiacha, huendelea na nyingine, na mwishoni hukuambia kimepata ngapi kati ya ngapi. Kimefanya wajibu wake hapo. Kusoma ni wajibu wako.

Mashine iliyoachwa usiku ule ilikuwa ya Bungoma. Ilikuwa kuukuu, laini ya mtandao ilikuwa nzito baada ya mvua, muda ukaisha kabla haijamaliza kujipima. Kati ya mashine saba, iliyokosekana ndiyo ile tuliyokuwa tunaitafuta. Wala si bahati mbaya ya ajabu, ukifikiri. Mashine yenye matatizo ndiyo inayochelewa kujibu. Mgonjwa aliyezidiwa ndiye asiyeweza kutembea hadi kwenye kliniki, na ukihesabu waliofika kliniki peke yao utasema kijiji kizima kina afya.

Siku mbili baadaye jibu likaja kutoka Nairobi: "Katika seva tulizoletewa hatukuona kasoro." Walisema kweli. Neno "tulizoletewa" lilikuwa pale limekaa, likingoja mtu mmoja alishike. Meneja alilisoma kwa sauti mbele ya kamati, akanigeukia. "Mashine zote zimechunguzwa?"

"Ndiyo, mzee. Zote."

Sikujua kwamba nasema uongo. Lakini nilikuwa na njia ya kujua, tena njia ya sekunde tano: kufungua kifurushi na kuhesabu faili.

Mayi alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akaambiwa arejeshe fedha au afisi iende polisi. Aliletwa Kitale kusaini barua. Nilikutana naye getini akingoja gari. Hakuwa analia. Alinitazama, akaniuliza: "Mwanangu, ile mashine yetu pale nyuma, umeiangalia?"

"Nimeiangalia, Mayi. Kutoka hapa Kitale."

"Kutoka Kitale," akasema. Kisha gari likaja.

Wiki saba zilipita. Julai betri ya akiba ya seva ya Bungoma ikaharibika, nikatumwa kuibadilisha. Nilipanda matatu ya asubuhi, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mahindi yamefika kifuani pande zote mbili za barabara, na bomba refu la moshi la kiwanda cha karatasi cha Webuye likaonekana kama kawaida. Ni safari isiyofika kilomita 100. Kwa wiki saba sikuwa nimeona haja ya kuisafiri.

Tawini niliingia chumba cha nyuma, nikawasha skrini ya seva, na kitu cha kwanza nilichoona pembeni ni saa. Ilisema saa nne na dakika tano. Simu yangu ilisema saa tatu na dakika arobaini na sita. Dakika kumi na tisa mbele. Nikatoka ukumbini kuuliza. Karani akaniambia bila wasiwasi wowote: Aprili umeme ulikatika usiku kucha, asubuhi mashine ikaamka ikionyesha mwaka wa zamani, basi yeye akaiwekea saa kwa mkono. Ameitazama wapi saa? Akanionyesha ukutani. Ile saa ya ukutani, kila mfanyakazi wa tawi alijua, iliwekwa mbele makusudi na meneja aliyepita ili watu wasichelewe kazini.

Hapo ndipo miguu iliponiishia nguvu.

Ndani ya kila kompyuta mna betri ndogo ya duara, volti 3, inafanana na sarafu, bei yake ni ya chupa mbili tatu za soda. Hiyo ndiyo inayoendelea kushika saa wakati umeme haupo. Ya Bungoma ilikuwa imekufa. Mashine yenye betri iliyokufa bado inaweza kujirekebisha ikiwa inauliza saa kwa seva za saa kupitia mtandao, kwa utaratibu uliobuniwa na David Mills na kuchapishwa 1985, ambao unalinganisha saa za kompyuta nyingi duniani. Lakini ruta yetu ya Bungoma ilikuwa imezuia njia hiyo. Nani aliizuia? Mimi, mwaka mmoja nyuma, nilipokuwa nafunga milango isiyo ya lazima. Sikujaribu baada ya kufunga.

Nikaita chombo kile palepale, kwenye mashine yenyewe, bila mtandao katikati. Kilichukua karibu nusu saa. Nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu, nikaanza kusoma. Katika shajara ya programu yetu nilikuta mstari unaosema hakuna jibu kutoka Kitale, natuma tena. Nikahesabu. Ulikuwa mara tisa katika zile alasiri tatu.

Ilikuwa hivi. Mwanachama analeta shilingi 38,000, saa kumi na dakika kumi na nane kwa saa ya kweli. Mayi anapokea, seva ya tawi inaandika kumi na thelathini na saba, kwa kuwa saa yake imetangulia, inatuma Kitale. Kitale inapokea na kuandika. Radi inapiga, mtandao unakatika kabla jibu la "nimepokea" halijarudi. Tawi, kwa kukosa jibu, linatuma tena mtandao unaporudi dakika saba baadaye, kwa muhuri wa saa mpya. Kitale, ambayo haikufundishwa kuuliza kama amana ile imeshafika, inaipa namba ya pili ya stakabadhi. Fedha ni moja, maandishi mawili, na yote mawili yana saa ya baada ya dirisha kufungwa. Mayi alikuwa amefunga saa kumi na nusu kama daftari lake lilivyosema. Aliyekuwa nje ya saa ni seva.

Liko jambo jingine, nalo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Hata zile ripoti sita nilizokuwa nazo tangu Mei zilikuwa na jibu. Seva ya Kitale huandika katika shajara yake saa ambayo muamala umefika, kwa saa yake yenyewe iliyo sahihi. Nilipozifungua upya nikaona muamala uliofika Kitale dakika kumi na tisa kabla ya kufanyika Bungoma. Mtoto wa darasa la nne angesema haiwezekani. Lakini sisi, mimi na wale wa Nairobi, tulikuwa tunatafuta mistari yenye neno "kosa", na mistari ile haikuwa na neno hilo. Hakuna aliyeweka saa mbili ubavu kwa ubavu.

Niliporudi Kitale nilisoma sana, kama mtu anayetafuta wenzake. Nikasoma habari ya kampuni ya Marekani, Knight Capital, ambayo ilikuwa na seva nane za kununua na kuuza hisa. Mafundi wake walipoweka programu mpya mwaka 2012, waliiweka kwenye saba, ya nane wakaisahau. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, ndani ya dakika 45, seva hiyo iliyosahauliwa iliwatia hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao wenyewe ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 za kuonyesha kwamba kuna kitu hakiko sawa. Hakuna aliyezifanyia kazi. Kwetu ilikuwa sita kati ya saba, kwao saba kati ya nane.

Lakini waliopoteza pale ni wenye hisa. Kisa kilichonivunja moyo ni cha Uingereza. Kuanzia 1999 shirika la posta la nchi hiyo liliwapa wasimamizi wa posta ndogondogo mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha. Wasimamizi, wengi wao wenye maduka madogo vijijini, wakaambiwa ni wezi. Hadi kufikia 2015, zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Seema Misra, aliyeendesha posta ya West Byfleet, alifungwa Novemba 2010 akiwa mjamzito, siku mwanawe alipotimiza miaka kumi. Hukumu yake ilifutwa Aprili 2021. Desemba 2019 mahakama kuu ilikuwa imeamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo katika hesabu za posta, na 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia kwa mpigo. Kwa wengine ilikuwa imechelewa, walikuwa wameshakufa.

Katika nchi ile, kwa mabadiliko ya sheria yaliyopitishwa 1999, mahakama huchukulia kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Msimamizi wa posta ya kijijini angeonyesha nini, wakati shajara za seva zilikuwa mikononi mwa waliomshtaki? Kenya imechagua njia ngumu zaidi, na naiona ni bora. Kifungu cha 106B cha Sheria yetu ya Ushahidi kinataka anayeleta maandishi ya kompyuta mahakamani aonyeshe kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo wakati huo, na mtu mwenye dhamana ya mashine hiyo atie saini cheti. Na Agosti 2017 tuliona sote, hata wazee wasiowahi kushika kompyuta wakajifunza neno "seva": Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi ifungue kumbukumbu za seva zake zitazamwe, tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu, na majaji walio wengi wakalihesabu jambo hilo dhidi yake walipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Rekodi isiyoletwa nayo ilipewa uzito.

Kamati ya chama chetu haikuwa mahakama. Haikuomba cheti. Iliomba neno la fundi, nalo lilikuwa "zote".

Nilikwenda kwa meneja nikiwa na karatasi zilizochapishwa, nikamweleza kuanzia saa ya ukutani hadi mstari wa sita kati ya saba. Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza mara moja tu, "Uliuona ule mstari?" Nikasema niliuona, sikuusoma. Jioni ile alipiga simu Bungoma mwenyewe. Mayi alilipwa mishahara yake ya wiki saba na barua ya kuomba radhi ikaandikwa. Kurudi dirishani alikataa. Mtaani kwake Kanduyi watu walikuwa wameshasema, na barua haiendi nyumba kwa nyumba.

Nilimfuata nyumbani Jumapili moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakanipotea. Alinikaribisha, akanipa chai na viazi vitamu. Nilimwomba msamaha, akanisamehe kwa kauli fupi, kisha akaleta lile daftari na kuniuliza kama amana zote tisa zinalingana na za mashine. Tulikaa kibarazani tukazihesabu pamoja, moja moja, kwa kidole. Zililingana zote tisa hadi shilingi ya mwisho.

Tangu siku hiyo sianzi kukusanya kabla sijaandika kwa kalamu majina ya mashine ninazozitaka, na simalizi kabla sijaweka alama mbele ya kila jina kwa kutazama faili yenyewe ikifunguka. Isiyojibu naipa muda zaidi, ikikataa naifuata ilipo. Kabla ya amri nyingine yoyote, naziuliza mashine zote saa ngapi, kwa pamoja, na majibu nayaweka juu kabisa ya ripoti ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Na siiti chombo hicho mchana wa watu wengi, kwa sababu kujipima nako kunailemea mashine na faili zake hujaza diski. Fundi mwenzangu aliwahi kuizima hifadhidata nzima kwa kuichunguza. Ninapoandika barua ya kupeleka ripoti, naandika kwanza kilichokosekana na kwa nini.

Kosa jingine nililofanya usiku ule ni kukipitisha kifurushi katika kundi la WhatsApp la watu kumi na wanne, kwa sababu barua pepe ilikataa ukubwa wake. Ndani mlikuwa na majina ya wanachama, namba zao za simu, na nenosiri la hifadhidata katika faili ya mipangilio niliyoiongeza mimi mwenyewe. Chombo hicho huficha maneno ya siri katika faili zinazojulikana, na kina amri ya kubadilisha anwani na majina ya mashine, lakini hakiwezi kujua kwamba mstari fulani katika programu yenu ni namba ya kitambulisho cha mama wa Chwele. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda huyo mama, na aliyeivunja usiku ule ni mimi. Mwaka huo huo wa 2023 wezi waliingia katika hifadhi ya kampuni ya Okta ya Marekani ambamo wateja hupeleka faili za uchunguzi wa matatizo, wakakuta humo funguo za kuingilia kwa wateja hao. Tulibadilisha manenosiri yote. Nashukuru sijasikia madhara.

Mayi sasa ana kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu, karibu na stendi. Daftari lake bado lipo juu ya meza. Nikipita Bungoma husimama kumsalimu.

Wewe fundi uliyetuma ripoti wiki hii na kuandika chini yake "zote", nakuomba uifungue tena leo uzihesabu. Ikipungua hata moja, piga simu usiku huu huu, useme.